Bastola Haina Mtani

Habari niliipata Jumatano asubuhi, uji ukiwa bado mdomoni. Aliyeileta ni mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye watoto wake. Alishuka kwenye treni iliyotoka Igalula, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu hapa Tabora mjini, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Kila mwaka, msimu wa asali ukifika, ndiye aliyekuwa akiniletea kopo kutoka kwa baba yake. Safari hii mikono ilikuwa mitupu, na msimu ulikuwa bado. Alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha akasema, "Mzee katutoka jana jioni, baba. Tunazika kesho mchana. Mama kasema wewe uambiwe kwanza." Nikampa pole, naye akanipa pole mimi, kama ilivyo desturi, nikamvutia kiti. Sikulia. Nilijikuta nautazama mguu wangu wa kushoto, naye akautazama, halafu akageuza macho haraka kama mtu aliyeshikwa akichungulia.

Nyinyi mnaoisoma safu hii mnaujua mguu huo. Nimeulalamikia hapa mvua zikikaribia, nimeulalamikia nikiandika juu ya foleni za sukari, na wapo walioniambia waziwazi kwamba wameuchoka. Walioniuliza ulipatwa na nini nimewajibu kwamba nilianguka kwenye mnazi nikiwa kijana kwetu Uzaramo. Uongo mtupu. Mimi sijawahi kupanda mnazi nikapita kimo cha mtu. Mguu huu uliingiwa na risasi, na aliyeifyatua ndiye tuliyemzika Alhamisi. Alikuwa mwalimu wangu wa shabaha, hodari kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akishika bastola, na kabla ya risasi hiyo alikuwa mtani wangu. Nasema kabla, kwa sababu baada yake aliacha kunitania, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika leo.

Tulikutana miaka ile ya Ujamaa, watu wanahamia vijijini, na sisi vijana wa Uhuru tunatumwa huku na huku bila kuulizwa kama tunapapenda. Mimi nilitumwa Tabora kuwa keshia wa ununuzi wa tumbaku. Malipo ya wakulima yalisafiri ndani ya sanduku la chuma, kwa treni hadi Urambo au Kaliua, kisha kwa Landrova kupita porini mpaka kwenye ghala la kijiji. Kwa sababu hiyo keshia alipewa bastola, ile ndogo inayokaribia kumezwa na kiganja, na akapewa mtu wa kumfundisha kuitumia. Asiyefaulu shabaha hasafiri, na asiyesafiri anarudishwa alikotoka. Mimi sikutaka kurudi. Kwetu nilikuwa nimeaga kwa ngoma na pilau, na mama alishawatangazia jirani wote kwamba mwanawe amekuwa mtu wa serikali, ijapokuwa lililoniajiri ni shirika la tumbaku.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mnyamwezi wa Uyui, amenizidi umri, mwembamba, aliyewahi kuwa askari enzi za mkoloni na sasa akitunza silaha zetu. Siku ya kwanza aliniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kabila langu. Nilipomjibu, aliwageukia makarani waliokuwepo, akawaambia kwa sauti ya msiba kwamba jamani, wakulima wameshapata hasara, hela zote zitakwenda kwenye ngoma. Nami nikamwambia kwamba sisi hatuwajui Wanyamwezi kwa sura, kwa kuwa babu zetu waliwaona wakipita tu, na kila waliyemwona uso ulikuwa umefunikwa na mzigo. Ofisi nzima ikacheka. Tukashikana mikono, na kuanzia saa ile hakuna siku iliyopita bila mmoja kumtia mwenzake jina baya.

Vijana wa siku hizi wanaona utani ni matusi, kwa hiyo niwaeleze. Njia ya misafara iliyotoka pwani mpaka hapa, ikaendelea hadi ziwani, ilipita katika nchi za watu. Wapagazi, Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara, walipita na njaa, wakachuma mihogo isiyo yao. Wenyeji wakawanyima maji, wakawatoza, wakawapiga. Yalitendeka mabaya mengi njiani, mengine makubwa, na waliotendana ilibidi waonane tena msimu unaofuata, kwa sababu njia ni ileile. Wazee wetu hawakukaa kikao kuombana radhi. Walipeana ruhusa ya kutukanana. Mtani wako anaweza kukuchukulia kuku mbele ya macho yako, nawe huna la kusema. Ukifa, atakuja msibani kwako aigize ulivyokuwa ukitembea, na anaweza kuzuia jeneza njiani mpaka ndugu zako wamlipe kitu, hata kama ni kipande cha muhogo. Ndivyo watu waliokoseana walivyoweza kuishi bila kununiana.

Lakini mwalimu wangu alikuwa na mpaka mmoja. Tulikwenda kujifunza kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, ng'ambo ya reli, na tukifika tu, kabla hajafungua mfuko, alikuwa akisema, "Bastola haina mtani." Maana yake hapo maskhara yamekwisha. Uso wake ulibadilika hata mimi nikamwogopa. Alinifundisha kwanza kuishika: mkono wa kulia juu kabisa ya mpini, wa kushoto uukumbatie, vidole vibanane kama watu wanaogombea blanketi. Bunduki ndefu, alisema, ina uvumilivu. Ukikosea kidogo inakusitiri. Hii fupi haina stara, kwa sababu kile kinundu cha mbele cha kulengea na ule mwanya wa nyuma vimekaribiana mno, na kosa la unywele mkononi, huko mbele ni kosa la shubiri nzima. Akaniambia nikiangalie kinundu cha mbele tu, kionekane wazi mpaka nione mikwaruzo yake, na ile shabaha niiache iwe ukungu. Hilo lilinishinda kabisa. Macho yangu yalitaka kukimbilia kule ninakopiga, nione kama nimepata. "Usichungulie," akawa ananiambia. "Risasi ikishatoka si yako tena. Kaa na kile kilichomo mkononi mwako."

Sikupata kitu. Mawe yote ya machimbo nilikuwa nimeyapiga isipokuwa ile karatasi. Nikaanza kuilaumu bastola, kwamba ni mbovu, inavuta chini. Aliichukua, akanigeuzia mgongo, akaijaza mwenyewe, akanirudishia. Nikapiga, ikalia. Nikapiga ya pili, haikulia, ilitoa mlio mdogo tu, ta, na mbele ya macho yangu mwenyewe mikono yangu ikazama chini kama ya mtu anayechovya tonge kwenye mchuzi. Kumbe alichomeka risasi bubu katikati ya zile nzima, risasi isiyo na baruti, ili nijione. Sikuwa na pa kujificha. Bastola ilikuwa imetulia, mimi ndiye niliyeruka. Akaniambia polepole, wala hakucheka, kwamba risasi haijatoka lakini mimi nimeshaikimbia, na kwamba mtu akiogopa kelele kabla haijaja, huwa anakosea kabla hajafanya kosa. Nimekuwa nikiyakumbuka maneno hayo kila ninapoona mtu anatetemeka mbele ya jambo ambalo halijamfika.

Dawa aliyonipa ilikuwa punje ya mahindi. Kila asubuhi, popote tulipolala safarini, alitoa risasi zote, akaiweka punje juu ya bastola tupu karibu na kile kinundu cha mbele, nami nikalenga alama ya mkaa ukutani na kuvuta triga taratibu. Punje ikianguka, nimeshtuka. Isipoanguka, nimevuta vizuri. Na kabla ya hayo ilikuwapo ibada yake, ambayo hakuiruka hata akiwa na homa. Kwanza anachomoa magazini, kile kiboksi cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Pili anavuta sehemu ya juu ya bastola nyuma, anachungulia chemba, pale risasi moja inapoweza kubaki hata magazini ikitoka, halafu anaingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha, kwa sababu jicho hudanganywa. Tatu ananionyesha mimi, nami sharti niseme kwa sauti, "Tupu." Nisiposema, hakuna somo. Kwa dawa hiyo mikono yangu ilitulia, nikafaulu, nikasafiri, na mama hakuaibika.

Sasa nifike Urambo. Tulilala kwenye chumba nyuma ya ghala, na asubuhi, wakulima wakianza kushusha robota zao za tumbaku nje, tukakaa kwa ajili ya punje yetu kama kawaida. Bastola ilikuwa na risasi tangu safari ya jana. Alikuwa amekwisha kuchomoa magazini, akaiweka mezani, na punje ya mahindi ameibana katikati ya midomo, anajiandaa kuvuta bastola nyuma. Mimi nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai ya moto, nina furaha zangu. Nikamtazama na ile punje mdomoni, yakanijia maneno, nikayasema. Nilimwambia kwamba sasa nimeelewa, Mnyamwezi hawezi kuona kitu chochote kimekaa mikono mitupu, hata bastola ni lazima aitwike mzigo. Basi. Mtu huyu alicheka. Punje ilimruka mdomoni, akainama, akajipiga paja, machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa kumwona anavyocheka. Alipoinuka alikuwa na jibu lake tayari, nalo lilikuwa la vitendo. Akaiokota punje, akaiweka juu ya bastola, akasema njoo uone mpagazi anavyobeba, akailenga ile alama ya mkaa chini ukutani. Mkono wake ulikuwa umeruka hatua ya pili, na mimi sikusema lile neno langu, kwa kuwa hakunionyesha kitu cha kusemea.

Sijawahi kuona triga ikivutwa kwa uzuri namna ile. Risasi ilipita kwenye alama ya mkaa, ikatoboa udongo wa ukuta mwembamba, ikagonga mawe ya chuma ya mizani yaliyorundikwa nyuma yake ghalani, ikarudi kwa hasira ikaniingia chini ya goti, mimi niliyekuwa nimesimama kando yake. Mfupa ulipasuka. Ninachokumbuka ni yeye amepiga magoti, amevua shati lake na kulikandamiza mguuni pangu, anasema "hapana, hapana", na mkono wake mwingine umeishika ile bastola mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika nyoka.

Alipoitwa kuhojiwa, wakubwa walimpa mlango wa kutokea. Walijua tulikuwa tunataniana, ofisi nzima ilijua, na mkubwa mmoja mwenye huruma akamuuliza kama si kweli kwamba keshia ndiye aliyemchekesha wakati akishughulika na silaha. Niliyasikia haya nikiwa bado kitandani hospitali, kutoka kwa karani aliyekuwepo. Mwalimu wangu alijibu, "Utani si kosa. Kosa ni mkono wangu." Walimwachisha kazi. Alirudi kwao Igalula, akapewa shamba lake katika kijiji cha ujamaa, akaanza kufuga nyuki katika mizinga ya magome, na mtu aliyeweza kufundisha mikono yoyote duniani kutulia hakushika tena silaha. Mimi nilipewa kazi ya mezani, na kutoka mezani hapo nikaingia kwenye uandishi huu, ambao bila ule mguu nisingeufikia. Haya nayo ni lazima niyaseme.

Alikuja kuniona hospitali siku alipoachishwa. Nilimwona anaingia wodini, nikafurahi, nikawa nasubiri tusi. Nilikuwa na kiu nalo, wallahi. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema, "Habari za leo, bwana." Bwana! Mtu aliyenizidi umri, aliyeniita mvivu wa pwani na mla nazi, ananiita bwana na kuangalia sakafu. Nikamwambia asijali, nimemsamehe, ni bahati mbaya. Alishukuru kwa heshima nyingi, akauliza mguu unaendeleaje, akaaga. Toka siku hiyo ikawa hivyo. Tukionana sokoni alivua kofia. Macho yake yalishuka kwenye mguu kabla hayajafika usoni, akauliza unaendeleaje, nami nikamwambia mzee, nilishakusamehe. Kila nilipomwambia hivyo, mabega yake yalishuka kidogo zaidi. Nililiona hilo kwa macho yangu, na bado nikaendelea kumsamehe.

Na asali. Kila msimu lilikuja kopo, asali nyeusi ya miombo, iliyochujwa vizuri, na mwanawe akasema baba anakusalimu. Mara ya kwanza nilikataa, kijana akasimama tu hapo mlangoni hajui aende wapi, nikapokea. Mwaka uliofuata sikukataa. Baada ya hapo nikawa nikiisubiri. Niliila na mkate, niliila na chai, nikawagawia wageni na kuwasifia kwamba hii ni ya Igalula, hakuna mfano. Jamani, ile haikuwa zawadi, ilikuwa majuto ya mtu yametiwa ndani ya kopo, na mimi nilikuwa nayapaka kwenye mkate. Ningeweza kuyakomesha kwa tusi moja zuri. Sijui kwa nini sikufanya. Pengine nilijiona mstaarabu. Pengine, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mtu aliyeumizwa hupata kiti kizuri cha kukalia, kila mtu anamwinamia, na si rahisi kuinuka mwenyewe kwenye kiti hicho.

Nimefikiri sana juu ya hayo tangu Jumatano. Tulikuwa kizazi cha maneno mapya. Wote tulikuwa ndugu, kila barua ilianza kwa ndugu, na mambo yakiharibika palikuwa na kikao, na katika kikao palikuwa na aliyekosa na aliyekosewa, na baadaye msamaha, ukaandikwa, ukafungwa. Sidharau. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutaniana. Lakini msamaha wa namna ile una juu na chini. Mmoja anautoa, mwingine anaupokea akiwa ameinama, na akiupokea haimaanishi amenyooka. Utani wa njia ya misafara haukuwa na juu wala chini. Mwizi wa muhogo na mwenye muhogo wote walitukanwa sawasawa. Mimi nilikuwa mrithi wa mali hiyo, nikaiacha ikaoza ndani, nikatumia maneno ya ofisini.

Basi Alhamisi nikapanda treni. Njia nzima nilijiambia kwamba nitakaa nyuma na wazee wengine, nitoe rambirambi, nirudi. Sikuwa na haki tena. Mtu huwezi kukaa miaka yote ukiitwa bwana, halafu siku ya mwisho ukajifanya mtani. Nilifika, watu ni wengi, mchungaji yupo, kwaya inaimba. Mjane nilimwona kwa mbali katikati ya wanawake, mama mfupi, mkimya, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuniambia zaidi ya karibu na ahsante. Nikakaa nyuma kama nilivyokusudia. Jeneza likatolewa ndani, vijana wakalitia mabegani, wakaanza kuteremka nalo shambani kuelekea kaburini. Njia ilipita mbele yangu. Nikaona jinsi vijana wale walivyoinamisha vichwa chini ya uzito, mwendo uleule wa babu zao, nikajikuta nimesimama katikati ya njia na mkongojo wangu nimeuweka mbele yao.

Nikasema, "Tueni huo mzigo. Leo mpagazi kabebwa, mambo gani haya? Huyu haendi popote. Ana mguu wangu, na bila mguu wangu hazikwi mtu hapa."

Kwaya ilinyamaza. Vijana wakalishusha jeneza kwenye majani. Mwanawe mkubwa alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, kwa sababu nyumbani kwao neno mguu halikutajwa kwa sauti, nami ndiye niliyekuwa nimelitaja mbele ya kaburi. Mchungaji aliangalia kitabu chake. Niliona nimeharibu, nimemtukana marehemu kweli, na si kwa utani, na kwamba sasa wataona nilikuwa na kinyongo miaka yote. Nikaanza kuuvuta mkongojo kando, mimi niliyefundishwa na bingwa kutoikimbia risasi ambayo haijatoka. Ndipo mjane akatoka kwenye kundi la wanawake. Alikuja akasimama mbele yangu, akautazama mguu wangu wazi, bila kugeuza macho. Kisha akanyanyua uso.

"Mguu gani, Mzaramo?" akasema. "Huo ulikuja nao mbovu kutoka pwani. Mume wangu aliutoboa tu aangalie kama una kitu ndani. Akakuta mtupu."

Waliocheka kwanza ni wazee, kwa sababu wao wanajua msiba unavyochekwa. Halafu wanawake. Halafu wale vijana waliokuwa wamebeba, mmoja mpaka akakaa chini karibu na jeneza. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na wala sikujifuta. Kwa kuwa mtani ni lazima alipwe ndipo apishe njia, mama yule akatuma sahani ya matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula nilichokidhihaki tangu nilipokanyaga Tabora, akanisimamia mpaka nikavimaliza mbele ya watu wote. Nikaondoa mkongojo. Wakamwinua, tukaenda kumzika.

Baadaye, watu wakila, nilimfuata mjane kumshukuru. Nikamwambia lile jibu lake ni kali, sikutegemea. Akatikisa kichwa. Alisema si lake. Ni la mumewe. Alikuwa nalo tangu miaka ile ya mwanzo, na kila aliporudi kutoka mjini baada ya kuonana na mimi alilisema humohumo ndani, akacheka peke yake, halafu akatoka kwenda kwenye mizinga yake. Mkewe alimwambia mara nyingi aende akaniambie. "Akanijibu, mke wangu, nitamjibuje mtu ambaye hajanidai?"

Nimerudi nyumbani. Kopo la mwaka jana bado lina asali chini, na sijaligusa. Mwalimu wangu aliniambia risasi ikishatoka nisichungulie ilikokwenda, nikae na kile kilichomo mkononi mwangu. Yeye mwenyewe alishindwa kuacha kuifuata kwa macho ile risasi moja, na hilo naweza kulielewa. Lakini kilichokuwamo mkononi mwangu mimi kilikuwa ni utani wake, na sikuutumia. Kama yupo mtu aliyekukosea, nawe umekwisha kumsamehe, na bado ukimwona anavua kofia, usimsamehe tena. Nenda kwake ukamdai. Mdai mbele za watu, mdai kwa maneno ya ovyo, umpe nafasi ya kukujibu. Mimi wangu nilimsamehe kila mwaka, na siku niliyomdai alikuwa ndani ya jeneza.